Nadhiri ya Kishwani

Mwaka ule Bi Umulkheir binti Badawi alikuwa na kofia mbili mkononi, moja ya kuuza na moja ya mwanawe. Ile ya kuuza aliishona baada ya adhuhuri, macho yakiwa yameanza kuchoka, kwa kuwa mnunuzi hutazama upesi na kuridhika upesi. Ile ya mwanawe aliishona asubuhi, amekaa barazani kwake Shela penye mwanga mzuri, kila kitundu akikizungushia uzi mweupe kwa subira ya mtu anayeandaa arusi.

Kazi hiyo ya kushona kofia ndiyo iliyomlisha tangu alipofiwa na mumewe, Bwana Jamaludin, aliyekuwa fundi wa mashini za boti. Walijaliwa watoto watatu, wawili wakazikwa wangali wachanga. Aliyebaki ni Swafwan, naye nusura awafuate ndugu zake. Alipokuwa mdogo, hata hajaanza chuo cha Kurani, alishikwa na homa iliyompanda kichwani, akalazwa hospitalini Amu, mjini Lamu, shingo imekakamaa, hamjui mama wala baba.

Siku hizo zilikuwa siku za ziara ya Kishwani. Kishwani ni mji wa kale ulioko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Shela. Watu wake walihama zamani sana, wakaacha kuta za mawe, visima, msikiti usio na paa, na kaburi moja kubwa lenye mnara nje ya ukuta wa mji. Jina la aliyelala humo hakuna alijuaye. Watu humwita Mwenye Kishwani, na husema alikuwa mtu wa Mungu. Kila mwaka, kabla ya masika, watu wa Shela walivuka na masufuria yao, wakafagia kaburi, wakalitandika kitambaa cheupe, wakasoma Yasini, wakaomba mvua, kisha wakala pamoja wakarudi makwao.

Umulkheir alimwacha mtoto kitandani mikononi mwa mama mkwe, akavuka na wenzake. Mama mkwe alimwambia, "Mtoto yu mautini, nawe wenda matembezini." Alipofika kaburini aliweka nadhiri, na aliiweka kwa Mwenyezi Mungu, si kwa maiti, maana tofauti hiyo alifundishwa na babake akaishika vyema. Alisema kwamba Mola akimponya Swafwan, atamleta mahali pale kwa miguu yake mwenyewe, watandike kitambaa kipya, na wasome Yasini pamoja, mama na mwana, tangu mwanzo hadi mwisho.

Mtoto akapona. Madaktari walifanya kazi yao, naye Umulkheir aliwapelekea mkate wa sinia kwa shukrani. Lakini nadhiri ni nadhiri.

Yaliyoichelewesha ni mambo madogo madogo, kila moja likiwa na haki yake. Kwanza mtoto hakuwa amejua kusoma. Alipohitimu chuoni, babake aliugua. Babake alipofariki, mama alikaa eda. Kisha ziara yenyewe ikagombewa msikitini: vijana waliorudi masomoni ng'ambo wakasema ni uzushi, wazee wakasema ni ada ya wazazi wao, na katika mvutano huo kila mtu akabaki nyumbani. Swafwan naye alikuwa amekwenda Mombasa kusomea kazi ya hoteli. Kila mwaka Umulkheir alisema, "Mwaka uyao, inshallah," na mwaka ukaja ukapita.

Swafwan aliporudi alipata kazi ya kutembeza wageni katika hoteli moja ya Ras Kitau, kule kule Manda, mkabala na Shela. Ikawa yule aliyenadhiriwa kupelekwa Kishwani mara moja tu maishani anakwenda kila juma, na mamake hajakanyaga huko tangu siku aliyoweka nadhiri.

Jioni moja, akiwa anakula mkate wa mofa kwa samaki, Swafwan aliuliza, "Mama, bado wataka kwenda Kishwani?"

Umulkheir aliiweka sindano chini. "Wajua kuwa nataka."

"Basi Alhamisi. Mayi yatajaa kabla ya adhuhuri. Boti ni ya hoteli, mafuta si yetu. Beba udi wako, na kitambaa, na kile chetezo cha bibi."

"Na Yasini?"

"Na Yasini, mama. Kwani ziara ni nini?"

Aliona haya kulia mbele ya mwanawe, akainuka akaenda kuitazama chai ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Hakuuliza boti ya hoteli itakuwa ikienda Kishwani kwa shughuli gani. Kama kulikuwa na kosa lake, ni hilo. Lakini watu wa Shela tangu zamani walikwenda ziarani kwa boti ya yeyote anayevuka, na ilikuwa ni utovu wa adabu kumchunguza mwenye boti nia yake. Anayevuka kwenda kwa Mwenye Kishwani amevuka kwa heri, basi.

Siku zilizofuata alifanya yote kwa utaratibu. Alinunua bafta nyeupe akaipinda ukingo kwa mkono, mishono midogo iliyolala sawa kama ile ya kofia. Alichoma udi kidogo kuujaribu. Alipika vileja na kaimati, kwa kuwa ziara bila sadaka ni matembezi. Akaimaliza na ile kofia, akaifua, akaitia wanga, akaivika juu ya bakuli ikauke na umbo lake.

Jirani yake, Bi Shifaa, alikuja kuangalia.

"Nasikia wenda na wageni," alisema.

"Naenda na mwanangu. Wageni ni wa boti."

"Haya. Usije ukarudi na mzungu, mtaa huu mdogo." Bi Shifaa alionja kileja, akachukua cha pili. "Niombee magoti yangu. Na mke wa mwanangu umuombee kauli njema. Ikishindikana, basi akaukwe na sauti."

"Kaburini haombwi mtu ubaya, Shifaa."

"Sauti ikikauka si ubaya, ni mapumziko."

Walicheka wote wawili. Umulkheir alikumbuka baadaye kwamba siku hiyo ndiyo aliyofurahi.

Alhamisi boti ilimchukua gatini Shela mapema, kisha ikawangojea wageni Ras Kitau kwa muda mrefu, kwa maana walikuwa hawajamaliza kustaftahi. Walikuwa mke na mume kutoka Nairobi. Mume aliitwa Austin, mwanasheria mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mke, Mueni, alikuwa mkimya zaidi, simu yake ikining'inia kifuani kwa kamba.

"Huyu ndiye mama niliyewaambia," Swafwan aliwaambia, akiwashika mkono kuingia botini.

"Shikamoo, shosho," alisema Austin.

"Marahaba, baba."

Umulkheir alijiuliza waliambiwa nini. Akaitoa kofia kikapuni, akampa mwanawe. Swafwan alikuwa amevaa chepeo la hoteli, jina la hoteli limeandikwa mbele kwa uzi wa buluu.

"Nitaivaa tukifika, mama," alisema, akaitia mfukoni. Ilitiwa wanga isikunjwe. Mamake aliitazama ikikunjika.

Kishwani haifikiki kwa maji machache. Boti hupita katika mkondo mwembamba ulio kati ya mikoko, na maji yakianza kutoka, asiyeondoka mapema hubaki topeni na boti yake hadi maji yarejee. Kwa hiyo walipofika, muda uliobaki ulikuwa mfupi, na nahodha aliwaambia hivyo wakishuka.

Walipanda njia ya mchanga hadi penye ukuta wa mji. Umulkheir alitembea nyuma, kikapu kichwani, chetezo mkononi. Kuta zilikuwa zimepungua kuliko alivyozikumbuka. Mbele yake Swafwan alikuwa akieleza kwa sauti ambayo hakupata kuisikia nyumbani, sauti laini, iliyopangwa, inayopanda na kushuka mahali palepale kama ya mtoto anayesoma ubao.

"Mwaka jana tulikuwa Uturuki," Austin alisema. "Tukapelekwa kwenye mji wa Wagiriki na Warumi. Barabara nzima ya marumaru. Uwanja wa michezo unaweza kumeza Lamu yote. Hata vyoo vya umma vipo, mawe yamepangwa kwa safu, watu walikuwa wanakaa bega kwa bega wakipiga siasa."

"Hapa pia palikuwa na vyoo," alisema Swafwan upesi. "Ndani ya nyumba. Kila mtu na chake."

"Hapo mmewashinda Warumi."

Mueni alicheka. "Mwambie ile ya vijana wa mapanga," alimwambia mumewe.

"Ah, hao. Kule mbele ya hekalu kuna vijana wamevaa mashuka ya Kirumi, mapanga ya bati, mmoja anajifanya kuhani. Unapiga nao picha, wanakuigizia kafara. Sasa huyo kuhani anashika simu yake chini ya shuka, anaangalia mpira."

"Miungu yao ilishakufa," alisema Mueni. "Nani atamkemea?"

"Hapa ni tofauti," alisema Swafwan. "Hapa bado kuna mtu anayeomba kwelikweli. Hilo ndilo wageni wetu wanalolifuata."

Umulkheir aliyasikia maneno hayo, akayapitisha. Alikuwa akitafuta kwa macho mnara wa kaburi, na ulipotokea, mweupe kidogo na mweusi zaidi kwa mvua za miaka, aliguswa akasimama. Akavua viatu. Wageni walimtazama nao wakavua. Swafwan alibaki na viatu vyake vya kamba.

"Hapa," aliwaambia, "amezikwa malkia wa Kishwani. Adui alipouzingira mji akataka kumuoa, malkia aliona ni bora afe."

"Aliitwa nani?" aliuliza Mueni.

"Jina lilipotea vitani."

"Si malkia," alisema Umulkheir. Hakukusudia kusema kwa nguvu. "Ni mtu wa Mungu, na hapakuwa na vita. Visima viliingia chumvi, watu wakahama."

Swafwan alicheka na kuwageukia wageni. "Mama ana hadithi yake. Kila nyumba Shela ina hadithi yake."

Umulkheir alifagia majani kwa upande wa kanga yake, akakunjua bafta. Mwanawe alishika upande wa pili, wakaitandika pamoja, na kwa kitambo hicho kifupi, kitambaa kikiwa kimetanda kati yao, aliona kwamba yote yatakuwa sawa. Akawasha makaa, akatia udi. Akapiga magoti, akanuia, akaanza.

Alisoma aya za mwanzo polepole, kama amwachiaye mtu nafasi ya kuingia. Akasikia sauti ya Swafwan nyuma yake. Lakini haikuwa ikisoma.

"Sasa anasoma sura iitwayo Yasini. Huu ni moyo wa Kurani. Udi mnaousikia umetoka ng'ambo. Kama mnataka picha, njooni upande huu, jua liko nyuma yenu."

Aliinua sauti kidogo, kwa kuwa mtoto huitwa hivyo na mamake, kwa kuinua sauti. Swafwan alihifadhi Yasini kabla hajabalehe. Alipoisikia ikisomwa alipaswa kuingia tu, kama mtu aingiavyo katika safu ya sala. Umulkheir alifika mahali ambapo zamani, wakisoma nyumbani, mtoto alikuwa akikosea naye akimsahihisha. Akapasoma mara mbili. Nyuma yake kijana alikuwa akieleza kuhusu mawe ya matumbawe na jinsi chokaa inavyochomwa.

Kisha mkono wa mwanawe ukamgusa bega.

"Mama, fupisha. Mayi yatoka."

"Sijafika katikati."

"Nahodha anaita. Boti ikikwama, wageni watakosa chakula cha mchana. Maliza kwa Fatiha, inatosha."

"Kaa usome na mimi, tutakwenda upesi."

"Mama." Alilitamka neno hilo akitabasamu, kwa kuwa Austin alikuwa bado anawatazama. "Wageni."

Umulkheir alisoma Fatiha. Magoti ya Shifaa na kauli ya mkwe wake vilibaki bila kuombewa. Alipojaribu kuinuka, aliyemshika mkono ni Mueni. Simu ilikuwa ikining'inia, haikupiga tena picha.

"Mama," Mueni alisema kwa sauti ya chini, "mtu akiwa hajapata mtoto, anaomba hivi hivi?"

Umulkheir alimtazama. "Aomba Mungu, mwanangu, popote alipo. Wala usiweke sharti. Ukiweka sharti, itabidi ulitimize."

Mueni aliitikia kwa kichwa, akataka kuuliza jingine, lakini Austin alikuwa akiwaita kutoka njiani.

Botini vileja na kaimati vililiwa. Austin alisema hajapata kula kitu kitamu kiasi hicho tangu awasili. Sadaka haichagui mdomo, Umulkheir alijiambia, na ilikuwa kweli, ila haikumliwaza.

Bi Shifaa alikuwa akimngoja barazani. "Je, mlisoma?"

"Tulisoma."

"Nyote wawili?"

"Sote wawili tulishika kitambaa," alisema Umulkheir, akaingia ndani. Bi Shifaa, ambaye hakuwa mjinga, hakuuliza juu ya magoti yake.

Kwa siku kadhaa mama na mwana hawakuzungumza jambo hilo. Umulkheir alimtafutia mwanawe udhuru, kama wafanyavyo mama wote. Kazi ni kazi. Maji hayana huruma. Huenda yeye mwenyewe ndiye hakueleza vyema. Mtoto aliambiwa nadhiri hiyo mara nyingi mno, ikawa kama mlio wa jogoo ambao mtu husikia bila kusikiliza. Aliazimia amwambie upya, ana kwa ana, waende wao wawili tu.

Hakuwahi. Swafwan alikuja siku ya Jumatano, ana furaha ya mtu mwenye habari njema.

"Mama, meneja amependa sana. Yule mwanasheria amewaonyesha watu picha. Sasa wataka tuifanye kila Alhamisi ambayo mayi yanaruhusu. Kesho kuna kundi zima."

"Tuifanye nini?"

"Ziara. Ile ile. Wewe hukosi kitu, nawe wapenda kwenda."

Akaweka mfuko wa plastiki juu ya kitanda cha kamba, akatoa kitambaa na kukikung'uta. Majani makavu mawili yakaanguka sakafuni. Umulkheir hakuhitaji kukisogeza karibu na dirisha. Mishono ya ukingo ilikuwa yake.

"Umekitoa kaburini?"

"Nilipita jana na wageni wengine. Kimeshika vumbi kidogo tu, ukikifua kitakuwa kipya. Meneja alisema tununue kingine kila mara, nikamwambia hapana haja, mama yangu ni mtu wa kutunza vitu." Alilisema hilo kwa kumsifu. "Wageni wapenda kuona kitambaa kikitandikwa. Wakikikuta kimeshatandikwa, hawaoni lolote."

Umulkheir alikikunja kitambaa, kona kwa kona, akakiweka mapajani. Aliwaza kwamba hata hivyo safari ipo na boti ipo. Labda Mungu ameifungua njia kwa ufunguo asioutazamia mtu. Akauliza swali moja, na nadhiri yake yote ilikuwa ndani ya swali hilo.

"Kesho utasoma na mimi?"

Swafwan alimtazama kwa mshangao wa kweli, usio na ubaya wowote. "Nikisoma mimi, mama, nani atawaeleza?"

Nje mtu alikuwa akimfukuza punda mlangoni kwake.

Umulkheir aliinuka, akakiendea kidaka cha ukutani kilichokuwa na chetezo cha mama mkwe wake. Akamwaga majivu, akakipangusa kwa kanga ndani na nje, kama mtu anayempa jirani chombo cha kuazima. Akakiweka juu ya kitambaa, akampa mwanawe vyote viwili.

"Chetezo ni hiki," alisema. "Kitafutie mama."

Swafwan alidhani anatania. Alicheka, akangoja acheke naye, kisha akaacha. "Mama, nimeshawaahidi."

"Basi timiza."

Aliondoka na vitu mkononi. Kesho yake, baada ya alasiri, Bi Shifaa alikuja akiwa na habari aliyoshindwa kuitanguliza kwa salamu.

"Nimeiona boti ya hoteli ikirudi. Yule Rosebella wa kufua mashuka, yule wa bara, kavaa buibui na ushungi hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza, dada, umesilimu? Akaniambia, la, ni kazi tu, nimekaa kaburini nikitikisa midomo." Bi Shifaa alikaa. "Akasema buibui lina joto. Nikamwambia utazoea."

Umulkheir alivuta uzi, akaukata kwa meno. Aliukumbuka mji ule wa Warumi alioutaja Austin, na yule kijana aliyejifanya kuhani.

"Rosebella hana kosa," alisema.

"Sikusema ana kosa."

Nadhiri isiyotimizwa ina kafara yake ya kumtoa mtu deni, na Umulkheir hakuhitaji kumuuliza sheikh, kwa kuwa alilisoma hilo chuoni akiwa msichana. Usiku huo alinuia. Aliikubali ile kafara kama mtu anayekubali kwamba mgonjwa hatapona: si kwa kukasirika, bali kwa kuacha kungoja. Hakuwa na cha kulishia maskini kumi, akafunga siku tatu, kama sheria inavyotaka.

Siku ya mwisho Swafwan alipita mchana, akamletea wali na kamba katika sahani iliyofunikwa, masazo mazuri ya hotelini.

"Kula, mama, kabla haujapoa."

"Nimefunga."

"Funga ya nini, na Ramadhani iko mbali?"

Alikuwa tayari kumwambia. Aliinua uso, mdomo ukafunguka. Lakini simu ya Swafwan ililia, akaipokea kwa sauti ile laini iliyopangwa, akamwashiria mamake kwa kidole kwamba atarudi, akatoka. Sahani aliiacha juu ya baraza, na kando yake, akiwa amekumbuka kuitoa mfukoni, aliacha na ile kofia.

Umulkheir aliiokota. Ilikuwa na mikunjo, lakini jasho la mtu halikuwa limeigusa. Aliilowesha, akaitia wanga upya, akaivika juu ya bakuli. Ilipokauka aliigeuza huku na huku akaikagua, na ilikuwa kazi safi, kofia bora kuliko zote alizoshona mwaka ule. Akaiweka pamoja na za kuuza.